ALAMA ZA KUZIMU: UKWELI NI UPI?

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Dalili ya mvua ni mawingu, wahenga walinena. Sisi tuishio huku Kisii na Nyamira twaijua vizuri methali hiyo. Asubuhi jua huwaka vizuri tu, adhuhuri mawingu yakajikusanya juu ya vilima vya Manga, na kabla ya kengele ya kwenda nyumbani mvua inanyesha kama iliyotumwa. Wanafunzi wa kutwa ndio wajuao uchungu wake, vitabu chini ya sweta na viatu mkononi. Lakini ndugu msomaji, je, kila wingu huleta mvua? Na je, kila alama iliyo mwilini mwa mtu ina habari nyuma yake?

Nauliza hivyo kwa sababu tangu utotoni nimesikia maneno mengi juu ya alama. Eti fulani ana baka mgongoni kwa kuwa alipigwa kofi na mizimu kabla ya kuzaliwa. Eti yule mama macho yake ni mekundu kwa sababu halali, hutembea usiku. Eti mtoto wa jirani amejaa vipele kwa kuwa alitazamwa na mtu mwenye jicho. Wengi wetu husikia, tukacheka, tukaenda zetu. Hata mimi nilikuwa nacheka. Mwaka jana maneno hayo yaliingia mpaka nyumbani kwetu na kicheko kikaniishia. Habari hiyo nitaieleza hapo mbele. Kwanza tuelewane kuhusu alama zenyewe.

Alama ni za namna gani?

Nilipowauliza wazee na kusoma vitabu kadhaa niligundua kwamba alama zinazohusishwa na ulimwengu mwingine ni za aina tatu. Ya kwanza ni ile ambayo mtu husema ameachiwa na mizimu au pepo baada ya kukutana nao. Ya pili ni ile ambayo mtu hujitia mwenyewe ili ajikinge nao, au aonyeshe kwamba yeye ni wao. Ya tatu ni ile ambayo mtu hana habari nayo kabisa, bali wenzake ndio humbandika. Hii ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Walioenda wakarudi

Tuanze na ya kwanza. Mwaka 1913, huko Alego katika nchi ya Wajaluo, mtu mmoja aliyeitwa Onyango Dunde alieleza kwamba nyoka mkubwa alitoka katika Ziwa Viktoria akammeza mzima mzima, kisha akamtapika bila jeraha lolote. Nyoka huyo alikuwa Mumbo, na alimpa Onyango ujumbe awapelekee watu: wazungu watatoweka, na dini yao na mavazi yao ni vitu vilivyooza.

Basi angalia alama zilizofuata. Wafuasi wa Mumbo walitakiwa kuacha nywele zikue bila kukatwa, wavae ngozi badala ya nguo za kizungu, na wasioge. (Hebu fikiria mwalimu wa zamu angewapokeaje langoni Jumatatu asubuhi!) Lakini tusicheke sana. Watu wale walikuwa wametozwa kodi na kupelekwa kazi za lazima. Kwao, nywele ndefu na ngozi vilisema waziwazi: mimi si mtu wa serikali, mimi ni mtu wa Mumbo.

Imani hiyo ilifika haraka katika nchi yetu ya Abagusii. Tena bahati ikaifanya ionekane kweli. Mwezi wa Septemba mwaka 1914, vita vikuu vilipoanza, Wajerumani waliingia mji wa Kisii na wakapigana na Waingereza. Waingereza walipouacha mji kwa muda, watu wakasema, “Si mmeona? Wameondoka kama ilivyotabiriwa!” Ofisi na maduka yakaporwa. Waingereza waliporudi waliwaadhibu watu vikali na kuchukua mifugo. Hata hivyo Mumbo hakufa. Huku kwetu imani hiyo ilichanganyika na kumbukumbu ya Sakawa, yule mtabiri wetu ambaye inasimuliwa kwamba alionyesha pahali ambapo mji wa Kisii, yaani Getembe, ungejengwa kabla mzungu hajafika. Wafuasi waliamini kwamba Sakawa angerudi. Mwaka 1921 serikali iliwahamishia Lamu baadhi ya viongozi, na mwaka 1954 dini hiyo ikapigwa marufuku.

Mambo kama haya hayakutokea kwetu tu. Waliosoma tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein watakumbuka habari za Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, karibu na mto Rufiji. Mwaka 1904 inasemekana alipandwa na pepo aliyeitwa Hongo, akaingia katika kidimbwi cha maji, watu wakamtafuta wasimwone. Siku ya pili akatoka na nguo zake zikiwa kavu. Kavu! Hiyo ndiyo iliyokuwa alama yake. Kwa ukavu wa nguo zile watu waliamini kwamba maji aliyowapa yangegeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Vita vya Majimaji vilianza mwaka 1905, na mwezi wa Agosti mwaka huo huo Kinjikitile akanyongwa. Risasi zilibaki risasi. Makumi ya maelfu ya watu walikufa hadi mwaka 1907, wengi kwa njaa, kwa kuwa Wajerumani walichoma mashamba na maghala.

Ukiwalinganisha Onyango na Kinjikitile utaona mwendo ni mmoja. Mtu anaingia majini au anamezwa na mnyama wa majini, anatoweka, anarudi akiwa mzima, na ule uzima wake ndio ushahidi. Mimi sina njia ya kuthibitisha walichokiona. Ninachojua ni kwamba watu walioonewa walihitaji sana habari njema, na alama ndiyo iliyowafanya waiamini.

Ugonjwa ulio mwito

Alama nyingine ya aina ya kwanza ni ugonjwa. Katika mila zetu kuna omoragori, yaani mpiga ramli, na mara nyingi huwa ni mwanamke. Hawi omoragori kwa kusomea kama tunavyosomea mtihani. Kwanza huugua, au huota ndoto zisizomwachilia, mpaka aambiwe kwamba chisokoro, yaani mababu waliofariki, wanamtaka aichukue kazi aliyoiacha mtu wa ukoo wake. Akikubali, hupona. Ugonjwa wake basi ndio muhuri wake.

Kazi ya omoragori ni kueleza kwa nini mambo yameharibika: ni mababu wamesahauliwa, ni kiapo kimevunjwa, au ni mtu. Akisema ni mababu, mbuzi huchinjwa, watu wakala wakapatana. Akisema ni mtu, hapo ndipo hatari huanza.

Pwani nako hali haiko mbali na yetu. Mtu akiugua ugonjwa usioeleweka huweza kuambiwa ana pepo, akapigiwa ngoma, na pepo akijitaja jina na kutaka kitu chake, mgonjwa huvishwa pengine pete ya fedha. Ukiiona pete ile kidoleni utadhani ni pambo tu, kumbe kwa mwenyewe ni mkataba.

Ebibiriria: jicho linalopenyeza

Sasa nifikie jambo ambalo kila Mgusii anayesoma makala haya analijua, hata kama hulisema kwa sauti ya chini. Hilo ni ebibiriria.

Kwa wenzetu wasiotoka huku, nitaeleza. Inaaminika kwamba kuna watu ambao macho yao yana nguvu. Mtu huyo akimtazama mtoto mchanga, vitu vidogo vidogo vilivyo karibu, kama vile nyuzi za blanketi, nywele, manyoya au punje za wimbi, hunasa kwenye ngozi ya mtoto na kuanza kupenya ndani. Mtoto hulia, hupata homa, hupumua kwa shida, na ngozi yake huwa na vipele. Wanaosemwa kuwa na jicho hilo mara nyingi ni watu weupe wa ngozi, na wanaodhurika upesi ni watoto weupe wa ngozi. Tena husemwa kwamba jambo hilo hurithiwa katika familia.

Zingatia kwamba mwenye jicho si mchawi. Omorogi hukusudia ubaya, lakini mwenye ebibiriria huenda hakukusudia chochote. Hata mwenyewe hutahadhari asimtazame mtoto wa mwenziwe sana. Kwa ajili hiyo akina mama wengi humfunika mtoto mgeni akija, au humvisha hirizi. Mtoto akishaathirika, hupelekwa kwa mama anayejua kutoa. Mama huyo humpaka siagi au mafuta, akamsugua polepole kwa viganja, na kuvitoa vile vitu kimoja kimoja.

Nyanya yangu mzaa baba ni mmoja wa akina mama hao. Sisi humwita magokoro. Nimeketi kando yake mara nyingi akiifanya kazi hiyo, na sikuwahi kumsikia akimdai mtu shilingi. Huletewa sukari au majani ya chai, basi.

Makovu yaliyo na maelezo

Alama za aina ya pili ni zile za kujitia. Chale ni mfano unaojulikana Afrika Mashariki yote. Mganga humkata mtu vikato vidogo kifuani, mgongoni au kwenye viungo, akapaka dawa nyeusi, na kovu likabaki. Nia ni kuufunga mwili ili ubaya usiingie. Zamani waliokwenda vitani walipewa dawa za namna hiyo. Inasimuliwa kwamba Moraa, yule mama mtabiri wa Kitutu, alimtia moyo na kumpa dawa kijana Otenyo kabla hajamchoma mkuki mkuu wa wilaya, Northcote, mnamo Januari 1908. Northcote aliumia lakini hakufa. Jeshi lililotumwa likachoma nyumba na kuchukua ng'ombe wengi. Tunamkumbuka Otenyo kwa ushujaa wake, hiyo ni haki yake, lakini dawa haikuzuia bunduki.

Hapa nataka nitoe onyo kuhusu kusoma makovu vibaya. Kuna wazee wa Kigusii waliokuwa na kovu kubwa au shimo kichwani, na mtoto asiyejua angeweza kudhani kwamba ni mambo ya mizimu. La hasha! Hiyo ilikuwa kazi ya omobari, mpasuaji wa vichwa. Mtu aliyepigwa rungu au aliyeanguka, akawa anaumwa kichwa siku zote, alipelekwa kwa omobari. Naye alipasua ngozi ya kichwa na kukwangua mfupa uliovunjika, kisha akamtunza mgonjwa mpaka kidonda kikapona. Wengi walipona, na madaktari wa kigeni walikuja katika karne ya 20 kuutazama ujuzi huo na kuuandika. Kovu lile ni cheti cha udaktari wa babu zetu. Sasa ukilitazama ukasema “huyu aliguswa na mashetani,” si umewatukana?

Vivyo hivyo na ebitinge, zile pete za chuma ambazo wake za watu walivaa miguuni zamani. Asiyejua angeweza kuziita hirizi. Kumbe zilisema tu kwamba huyu ameolewa kwa taratibu kamili.

Alama ya kubandikwa

Sasa nije kwenye aina ya tatu.

Inasemwa kwamba abarogi hutoka usiku uchi, wamebeba chungu chenye moto unaowaka na kuzimika, na kwamba uchawi hupitishwa kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto. Kwa kuwa hakuna aliyekaa nao akawahesabu, watu hutafuta alama za kuwajulia. Macho mekundu ni alama. Ngozi yenye mabaka ni alama. Kuishi sana ni alama. Kuzungumza peke yako ni alama. Kufiwa na watoto na wewe ukabaki ni alama. Ndugu msomaji, ukizitazama vizuri alama hizo utagundua jambo moja: zote ni alama za uzee!

Mnamo Mei 2008, katika eneo letu la Kisii, kundi la watu liliwachoma moto wazee 11 hadi wakafa, wanawake 8 na wanaume 3, kwa madai kwamba ni wachawi. Wengi wao walikuwa na umri wa miaka 80 na zaidi. Nyumba nyingi ziliteketezwa. Vyombo vya habari viliripoti kwamba wanakijiji walidai kuna daftari lililookotwa katika shule ya msingi, na ndani yake eti kumeandikwa kumbukumbu za mkutano wa wachawi pamoja na majina ya watakaorogwa.

Daftari! Kitu tunachobeba kila siku. Kitu cha kuandikia insha na hesabu.

Mwezi wa Oktoba 2021 jambo hilo likajirudia. Wanawake wanne wazee waliuawa na kuchomwa huko Marani, Kisii, kwa madai hayo hayo. Wakati huo mimi nilikuwa shule ya msingi, na nakumbuka jinsi watu wazima walivyonyamaza sisi watoto tulipoingia jikoni.

Nchini Tanzania, katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, wanawake wazee wengi wameuawa kwa sababu ya macho mekundu. Lakini mama anayepika kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, katika nyumba isiyo na dirisha la kutosha, miaka 50, macho yake yatakuwa ya rangi gani? Alama waliyoiita ya uchawi ilikuwa alama ya kupikia watoto. Na tangu miaka ya 2000 ndugu zetu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa uongo kwamba miili yao ina nguvu za bahati. Alama ikishabandikwa, mwenye mwili hana tena usemi juu ya mwili wake.

Mikono ya nyanya

Basi nieleze yaliyotupata.

Magokoro ana mabaka meupe mikononi. Yalianza kama tone kwenye kidole miaka mingi iliyopita, yakaenea hadi juu ya vifundo. Sisi wajukuu tulikuwa tukiyachezea tukiyaita ramani: hili ni Ziwa Viktoria, hili ni Ziwa Turkana. Macho yake ni mekundu, maana hadi leo hupikia kuni na hataki kusikia habari ya gesi. Na miaka hii ya karibuni amekuwa msahaulifu. Mara mbili baba alimkuta njiani saa nane za usiku akisema anaenda kumfungia ndama aliyekufa zamani.

Mwaka jana, likizo ya Agosti, kijana mmoja wa kijiji chetu alikufa katika ajali ya bodaboda. Barabara ilikuwa na utelezi na pikipiki ilibeba watu watatu. Lakini baada ya mazishi sikusikia watu wakizungumza juu ya utelezi. Nilisikia mikono meupe. Eti imeungua kwa chungu cha moto. Eti anayetoa ebibiriria ndiye anayeitia. Akina mama waliokuwa wakileta watoto wao kwetu wakaanza kupita upande wa pili wa njia.

Shule zilipofunguliwa nilikuta daftari kwenye dawati, darasani mwetu humu. Nyuma yake kulikuwa na kichwa kilichopigiwa mstari kwa rula: “Orodha ya Abarogi.” Majina yalikuwa sita. La tatu lilikuwa la magokoro.

Sitaki kusema nililia, lakini nililia. Aliyeandika alifanya mzaha, najua. Hati yake naijua, kwa kuwa mwandiko wa mtu ni alama isiyodanganya. Hakuna kati ya wale sita aliye chini ya miaka 70. Mimi nilikumbuka lile daftari la mwaka 2008, ambalo nilikuwa nimelisoma maktabani, na magoti yakaniishia nguvu. Je, kama daftari lingetoka darasani likafika sokoni?

Nilimpelekea mwalimu wa darasa. Naye hakucheka. Jioni hiyo baba alikwenda kwa naibu wa chifu, na baraza likaitishwa. Magokoro alihamishwa kwa shangazi upande wa Keroka kwa mwezi mzima. Alipouliza kwa nini, tuliambiwa tumjibu kwamba shangazi ana mavuno mengi anahitaji msaada. Akafungasha nguo zake na kutuhimiza, “Msisahau ndama.” Sasa amerudi. Lakini baba hulala na tochi kando ya mto, nami hushtuka mbwa wakibweka.

Sayansi yasemaje?

Mwaka huo huo baba alimpeleka hospitalini. Daktari alitazama mikono dakika chache tu akasema ni mbalanga. Katika ngozi ya kila mtu kuna chembe zinazotengeneza rangi. Mwili wenyewe huweza kuzishambulia chembe hizo, na pahali zilipokufa ngozi hubaki nyeupe. Mbalanga hauambukizi, hauna maumivu, na humpata tajiri na maskini. Kuhusu kusahau na kutembea usiku, alieleza kwamba ni ugonjwa wa ubongo unaowapata baadhi ya wazee: hupoteza mchana na usiku, na hukumbuka ya zamani kuliko ya jana. Mtu huyo anahitaji kushikwa mkono arudishwe kitandani.

Nikaendelea kuuliza juu ya alama nyingine, nami nawaletea majibu:

Baka la buluu mgongoni au matakoni mwa mtoto mchanga si kofi la mizimu. Ni rangi iliyobaki ndani ya ngozi. Watoto wengi wa Kiafrika huzaliwa nalo, na hufifia wakikua.

Malengelenge yaliyojipanga kama mshipi upande mmoja wa mwili, yenye kuchoma kama moto, ni mkanda wa jeshi. Virusi vyake ni vile vya tetekuwanga aliyopata mtu utotoni, vimelala mwilini vikaamka.

Kuamka usiku ukashindwa kusogea, ukahisi kitu kimekukalia kifuani, ni jinamizi. Akili imeamka kabla ya mwili. Huogopesha, lakini hupita baada ya muda mfupi.

Na mtoto wa ebibiriria je? Hapa tuwe waangalifu sana. Homa, kikohozi, mafua, macho mekundu na vipele vinavyoanzia usoni huweza kuwa surua, ambayo chanjo yake hapa Kenya hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18. Kupumua haraka huweza kuwa nimonia. Hesabu pumzi zake kwa dakika moja akiwa ametulia: mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha pumzi 40, apelekwe hospitalini. Mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, msingoje hata kupambazuke.

Nilimsomea magokoro maneno hayo kwa Ekegusii. Nilidhani angekasirika, kwa sababu kazi ya kutoa ebibiriria ameifanya tangu ujana wake. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, “Wale waliokuwa wakipumua hivyo, ndio hawakurudi kwangu kunishukuru.” Tangu siku hiyo mtoto akiletwa, yeye kwanza humwekea mkono kifuani akahesabu. Hesabu ikimshinda, hunipa mimi. Wawili tayari amewarudisha mlangoni akawaambia mama zao waende hospitali kwanza, mafuta watayakuta.

Tufanyeje?

Wengine watasema, “Kwani wewe huamini mila?” Naziheshimu. Sijaandika haya kuwacheka wazee, maana jungu kuu halikosi ukoko, na omobari alipasua kichwa kabla sisi hatujajua neno daktari. Ninachosema ni kwamba alama iliyo mwilini mwa mtu tumuulize mwenyewe, au tumuulize daktari. Tusiulizane sisi kwa sisi gizani.

Pili, tujue sheria. Sheria ya Uchawi ya Kenya ilitungwa mwaka 1925. Wengi hudhani inamhusu mchawi peke yake. Kumbe pia ni kosa kumshtaki mtu hadharani kwamba ni mchawi. Mwenye malalamiko ayapeleke kwa polisi au kwa chifu. Na anayeua, au anayechoma nyumba, hana pa kujificha nyuma ya neno “mila.”

Tatu, na hili ni letu sisi wanafunzi: tuchunge kalamu. Sisi ndio tunaojua kusoma na kuandika katika vijiji vyetu. Neno likisemwa kilabuni hupotea na ulevi, lakini likiandikwa na mwanafunzi wa sekondari watu hudhani limetoka kitabuni.

Aliyeandika orodha ile atausoma ukurasa huu, kwa kuwa huyu naye ni mwanachama wa chama chetu. Simtaji jina. Namkaribisha tu nyumbani Jumamosi yoyote. Magokoro atampa chai na mahindi ya kuchoma, kwa mikono ile ile yenye mabaka, naye ataweza kuikagua kwa mwanga wa mchana. Akitaka nitamwonyesha palipo Ziwa Turkana.

Wasalaam.